Dei kea ni kazi ya nani? Yasemwayo mtaani na yalivyo hasa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Giza halijaondoka vizuri, lakini njia ya kuelekea Viwandani imeshajaa watu wanaowahi geti kabla msimamizi hajamaliza kuchagua vibarua wa siku. Wamo akina mama waliobeba watoto mgongoni. Kila mmoja anakata kona kwanza kwenye mlango fulani wa mabati, anafungua leso, anamkabidhi mtoto, mfuko wa nepi, chupa ya uji na shilingi mia moja, kisha anaondoka mbio. Hiyo ndiyo dei kea, pale mtoto anapoachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni. Mlango wenyewe hauna kibao. Ndani ni chumba cha futi kumi kwa kumi, kama vyumba vingine vyote vya ploti ile: mkeka, pazia linaloficha kitanda cha mwenye nyumba, ndoo ya maji yenye kifuniko, na watoto. Nilipokuwa jirani, Jumatatu moja niliwahesabu. Walikuwa kumi na tisa, mdogo wao akiwa na miezi mitano. Mwenye chumba tulimwita Shosho, yaani nyanya, ingawa hata miaka hamsini hakuwa ameifikisha.

Nilihama zamani, lakini kila nikisimulia habari ya chumba kile, iwe kwenye matatu au kwenye mkutano wa wadi, napata majibu yaleyale. Mengi husemwa kwa uhakika mkubwa na mtu ambaye hajawahi kufungua Katiba. Mengine yana ukweli nusu, na hayo ndiyo magumu kuyang'oa.

"Kaunti haihusiki na kulea watoto wa watu"

Inahusika, tena kwa mujibu wa Katiba. Ichukue Katiba ya 2010, nenda kurasa za mwisho, kwenye Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47. Sehemu ya pili ndiyo ya kaunti. Humo kuna barabara za kaunti, masoko, zahanati, uzoaji wa taka, hata leseni za mbwa. Ukifika kipengele cha 9 utakuta mambo manne yamepangwa kwenye mstari mmoja: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya maarifa ya nyumbani, na vituo vya kulelea watoto.

Mstari ni mmoja, uzito wa kisheria ni uleule. Lakini tazama kilichotokea tangu kaunti zianze kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Chekechea imepata madarasa mapya, walimu wameandikwa kazi na kaunti, na magavana wamekata utepe mbele ya kamera. Kabla ya hapo wazazi wenyewe ndio waliokuwa wakimlipa mwalimu wa nasari, na majengo mengi yalitokana na harambee. Vyuo vya ufundi navyo vimepakwa rangi na kupewa majina mapya. Neno la mwisho la mstari ule, vituo vya kulelea watoto, limebaki pale lilipo kama mgeni aliyesahaulika sebuleni.

Nairobi angalau ilitunga sheria. Bunge la Kaunti lilipitisha Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto ya 2017, inayoweka utaratibu wa kuvisajili na kuvikagua. Kwa hiyo anayesema hakuna sheria amekosea mara mbili, kwanza kwa Katiba na pili kwa sheria ya kaunti yake mwenyewe. Sheria kuwepo na fedha kutengwa ni mambo mawili tofauti, na hili la pili ndilo linalotusumbua. Kwenye vitabu vya bajeti ya kaunti, kitu kisicho na kasma yake, yaani fungu lake la fedha, hakipo, hata kikitajwa na Katiba.

"Si wametujengea chekechea? Basi dei kea tunayo"

Huu ndio ule ukweli nusu. Darasa la chekechea la umma huchukua watoto wa miaka minne kwa PP1 na mitano kwa PP2. Na wengi wao huachiliwa wakati wa adhuhuri. Mama aliyeingia kiwandani saa moja asubuhi hutoka jioni. Piga hesabu mwenyewe: mtoto wa miaka mitano ana saa tano au sita bila mtu wa kumwangalia, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana hata hiyo asubuhi.

Likizo ya uzazi nchini ni miezi mitatu, kwa aliyeajiriwa rasmi. Chekechea inaanza miaka minne. Kati ya hapo na hapo kuna zaidi ya miaka mitatu na nusu ambayo kwa upande wa huduma za umma ni kliniki tu: chanjo, kupimwa uzito, matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Saa zilizobaki za siku ni shauri la mama na Shosho wake.

Wazazi wameziba pengo hilo kwa njia yao. Wanamwingiza mtoto wa miaka miwili na nusu kwenye beibi klasi ya shule ya kibinafsi ya mtaani, anavishwa sare kubwa kuliko yeye, anakalishwa kwenye dawati na kupewa kalamu ya risasi. Mwenye shule anajua mtoto hajafika umri wa kusoma. Mama pia anajua. Anacholipia ni usalama na usingizi wa mchana, ila kwa kuwa hakuna anayeuza hicho kwa jina lake, analazimika kukinunua kikiwa kimefungwa ndani ya a-e-i-o-u.

"Basari ndiyo msaada wa kaunti kwa watoto"

Ukimuuliza mwakilishi wadi amewafanyia nini watoto, atakuonyesha orodha ya waliopata basari, ile fedha ya kusaidia karo. Simlaumu. Basari inahesabika, ina jina na saini, na mzazi huikumbuka siku ya kura. Ila elimu ya sekondari, kwa Jedwali lilelile la Nne, ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alitoa waraka kuzikumbusha kaunti kwamba haziwezi kutumia fedha kwa kazi isiyo yao bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Magavana wakapiga kelele, jambo likafika mahakamani, na wazazi wakakaa roho juu kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa.

Sisemi basari ifutwe. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hajali ni serikali ipi iliyomlipia. Ninachokiona kichekesho ni kwamba kaunti zimekwenda hadi kortini kutetea kazi ambayo Katiba haikuzipa, na ile iliyozipa kwa maandishi hakuna aliyeikodishia hata wakili wa siku moja.

"Pesa za wazee, afisa wa watoto, chifu: zote hizo ni kaunti"

Hapa watu wanachanganya mno, na mkanganyiko huo una gharama, kwa sababu mtu anapiga foleni ofisi isiyo yake, anakata tamaa, na harudi tena. Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, familia zinazolea yatima na watu wenye ulemavu mkubwa, hutoka serikali ya kitaifa. Chifu na naibu wake ni wa kitaifa. Afisa wa watoto mwenye ofisi kule kaunti ndogo, yule unayempelekea kesi ya mtoto anayepigwa au aliyetelekezwa, pia ni wa kitaifa; na ukishindwa kumfikia kuna namba 116, haina malipo. Kaunti ina zahanati, wauguzi wake, soko, maji ya mtaa, leseni ya biashara, chekechea, na vituo vya kulelea watoto.

Kuna na mkanganyiko wa maneno. Ukisema "kituo cha kulelea watoto", wengi wanawaza makao ya watoto yatima, mahali mtoto analala na kukulia. Makao hayo yana sheria zake na wasimamizi wake. Dei kea ni pale mtoto anapoachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni. Nimewahi kumwona mama akifunga chumba chake wiki nzima kwa woga baada ya kusikia redioni kwamba makao haramu ya watoto yanasakwa. Hakuna aliyekuwa akimsaka. Lakini pia hakuna aliyewahi kumweleza tofauti.

"Kaunti haina pesa za kujenga dei kea"

Tuanze na pesa. Katiba inasema kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa kulingana na hesabu za mwisho zilizoidhinishwa na Bunge, na kwa mwaka wa fedha 2025/26 mgao wa pamoja ulikuwa shilingi bilioni 415. Zinachelewa, hilo kweli. Kaunti zina madeni ya makandarasi na mishahara inayokula sehemu kubwa ya fungu, hilo pia kweli. Sitajifanya kwamba kuna gunia la noti limefichwa City Hall, makao ya kaunti ya Nairobi.

Kosa liko kwenye neno "kujenga". Tukisikia huduma tunaona jengo, na jengo lina tenda, tenda ina mkandarasi, na mkandarasi ana mambo yake. Chumba cha Shosho hakikupungukiwa na jengo kwanza. Wacha nieleze kilichopungua, maana nilikiona kwa macho. Maji aliyanunua kwa mtungi wa lita ishirini, na siku za uhaba bei ilipopanda, kunawa mikono ndiko kulikopunguzwa. Choo kilikuwa cha ploti nzima, watu zaidi ya arobaini, na mtoto aliyeanza kujifunza kukaa chooni hakuweza kupelekwa kule, aliwekewa kopo. Mfuniko wa jiko la makaa haukuwepo, jiko lenyewe likikaa kwenye kona ya chumba kilekile. Shosho alijua kulea, tena sana, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini mtoto akipaliwa na uji. Watoto wakubwa kidogo walishinda mkekani bila kitu cha kushika mkononi, televisheni ikiwaka tangu asubuhi hadi jioni ili watulie.

Sasa angalia ni yapi kati ya hayo yanahitaji mkandarasi. Bomba la maji la mtaa na choo, labda. Mengine ni mafunzo ya siku chache, mtu wa kupita kila mwezi, na vifaa ambavyo fundi wa mtaani anaweza kuvitengeneza kwa mabaki ya mbao. Mtu wa kupita tayari yupo. Tangu 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliopewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali ya kitaifa na nusu kaunti. Hao hupita nyumba kwa nyumba. Mchana nyumba nyingi za Mukuru hazina watoto. Watoto wako kwa akina Shosho. Mhamasishaji akipewa orodha ya dei kea za eneo lake, asubuhi moja anawapima mikono watoto kumi na tisa kuangalia lishe yao badala ya kugonga milango kumi na tisa iliyofungwa kwa kufuli. Wiki za Malezi Bora, zile za Mei na Novemba, wauguzi hutembelea chekechea kutoa vitamini A na dawa za minyoo. Kuongeza dei kea kwenye ziara hiyo ni suala la orodha na nauli.

Na si nadharia. Hapa Nairobi shirika la Kidogo limekuwa likiwafundisha akina mama wa aina ya Shosho, mmoja mmoja, kwenye vyumba vyao walivyonavyo, pamoja na jinsi ya kuweka hesabu za biashara. Kolombia serikali imekuwa ikiwasaidia akina mama wanaolelea watoto wa majirani majumbani mwao tangu miaka ya 1980, na mpango huo ukaenea nchi nzima. Kote huko walianza na mama aliyekuwa akiifanya kazi hiyo tayari.

"Dei kea za mabati ni hatari, zifungwe"

Ni hatari baadhi yake. Nimeona za kunitisha. Lakini siku kanjo, askari wa kaunti, wakipita na kufunga milango mitatu, watoto hawayeyuki. Jioni hiyohiyo wanahamia mlango wa nne, ambao sasa una watoto thelathini, pazia zito zaidi dirishani, na bei ya juu. Au dada yao wa miaka kumi anaacha shule abaki nao.

Usajili una maana pale mwenye chumba anapopata kitu kwa kujisajili. Kama faida pekee ni kujulikana ili akaguliwe, atozwe leseni ya biashara kama mwenye duka la jumla, kisha afungiwe, mtu mwenye akili timamu atajificha. Mimi ningeanza na msamaha wa leseni kwa miaka miwili na ndoo ya kunawia mikono. Ukaguzi uje mwaka wa pili.

"Ukimsaidia mama malezi, atakaa tu kupiga soga"

Hili husemwa na wanaume, na kwa masikitiko yangu, na wanawake waliokwisha kulea. Tunalo jibu kutoka hapahapa mjini. Korogocho, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama wenye watoto wadogo vocha za dei kea, wengine hawakupewa, kisha wakawafuatilia. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopewa vocha walikuwa na uwezekano wa kuwa na kazi uliozidi wa wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Kwa mtaa ambao kazi zenyewe ni za kubahatisha, hiyo si tofauti ndogo.

Kinachonivutia zaidi ni nani alifaidika vipi. Sehemu kubwa ya walioingia kazini walikuwa wanawake walioolewa. Wale wanaolea peke yao namba zao za ajira hazikubadilika sana, na ukiishi mtaani unaelewa mara moja kwa nini: mama asiye na mwenzake alikuwa anafanya kazi tayari, mtoto akiwa mgongoni, chini ya meza ya mboga, au amefungiwa ndani na jirani amepewa ufunguo. Hakuwa na anasa ya kutofanya kazi. Kilichobadilika kwake ni aina ya kazi. Walihamia kwenye kazi zenye saa za kueleweka, na mapato hayakushuka. Mama fua anayebisha hodi nyumba za watu Buruburu au South B akiwa na mtoto mgongoni hurudishwa langoni mara nyingi. Akienda mikono mitupu anachukuliwa, na saa kumi yuko njiani kurudi.

Kwa hiyo anayepiga soga hapa ni nani? Nimewahi kuuliza swali hilo kwenye baraza na nikaambiwa nina mdomo.

"Watazaa zaidi wakijua kuna msaada"

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wastani wa 3.4. Katika muda huohuo chanjo, kliniki, shule na dawa vimeongezeka. Wenye kuogopa uzazi wa kupindukia wana hofu ya babu zao.

"Mwajiri ndiye anayepaswa kuweka dei kea"

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea na ampe mama muda wa kunyonyesha katika saa za kazi. Vizuri. Lakini zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 nchini wako jua kali, kwenye kazi zisizo rasmi. Mama mboga wa Muthurwa mwajiri wake ni nani? Muuza mitumba wa Gikomba je? Mwenye soko ni kaunti, inayomtoza ushuru kila asubuhi. Kama kuna mahali pa kuanza kuijenga dei kea ya umma, kwa wale wanaosisitiza lazima kijengwe kitu, basi ni sokoni, karibu na ofisi ya huyo anayekata risiti.

Na wanaosema kulea ni kazi ya nyanya, nyanya yuko Kakamega au Kitui, ana shamba lake na magoti yake.

"Huduma ya bei nafuu ni ya bure, na ya bure haina hadhi"

Neno "nafuu" limetuponza. Watu wakilisikia wanafikiria msaada wa mafuriko. Angalia mfano mmoja ulio jirani kabisa na jambo letu: Dishi na County, mpango wa chakula cha mchana ulioanza Nairobi mwaka 2023 kwa ushirikiano wa kaunti na shirika la Food4Education. Mtoto wa shule ya umma, na wa chekechea ya umma pia, analipa shilingi tano kwa mlo. Mzazi huweka pesa kwa simu, mtoto huvaa bangili mkononi, na akifika kwenye foleni anaigusisha kwenye kifaa, kinalia tii, anapakuliwa.

Nilisimama nikitazama foleni hiyo mchana mmoja. Binti mmoja wa PP2, bangili imelegea hadi karibu na kiwiko, aligusisha, ikalia, akainua mkono juu kuwaonyesha wenzake kama aliyeshinda mbio. Hakuonekana mtu aliyepewa msaada. Alikuwa mteja. Shilingi tano hazilipii mchele, maharagwe na gesi. Sehemu kubwa inabebwa na kaunti na mshirika wake. Lakini mzazi analipa kitu, kaunti inalipa kitu, na kila mmoja ana sababu ya kuuliza maswali chakula kikichelewa.

Mpango wenyewe una wapinzani, na walipa ushuru wana haki ya kuzidai hesabu zake. Ninachosema ni kwamba njia ya kugawana gharama kwa mtoto wa miaka mitano imeshapatikana katika kaunti hii. Shosho angeweza kutoza shilingi hamsini badala ya mia kama nusu ingetoka kwingine, na bado akawa mwanamke wa biashara.

"Tulisema kwenye mkutano, hawakusikia"

Pengine mlisema siku isiyo yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na watu wengi huamka Juni, makadirio yakiwa yamekaa bungeni tangu Aprili. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba mosi. Waraka wa mkakati wa fedha, unaogawa mafungu kwa kila idara, kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Juu ya hayo yote kuna mpango mkuu wa miaka mitano. Uliopo ni wa 2023 hadi 2027, na wa kuufuata utaandikwa baada ya uchaguzi. Jambo lisilotajwa kwenye mpango wa Septemba huwa gumu sana kuliingiza Aprili, hata mkija na vuvuzela.

Na mnaposema, semeni idara. Hili nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa kwenye ukumbi wa wadi moja, viti vya plastiki, soda za chupa, watu kama sitini. Wanaume wa mbele waliomba murram na taa za barabarani. Vijana wakaomba uwanja. Mama mmoja wa nyuma, mtoto anamvuta sikio, akasimama akaomba dei kea sokoni. Ukumbi ulicheka kidogo, si kwa ubaya. Karani akainua kichwa akamuuliza: ni ya elimu, ya afya au ya biashara?

Mama akanitazama mimi, kwa kuwa tulikuwa tumekuja pamoja na ndiye niliyemshawishi aseme. Sikuwa na jibu. Mwalimu aliyekaa kando yangu akasema elimu, muuguzi akasema afya, mwenyekiti wa soko akasema wamwachie yeye. Karani akangoja, akaangalia saa, kisha akaandika. Baada ya mkutano nilipita mezani kwake nikachungulia. Murram ilikuwa chini ya Barabara na Uchukuzi, taa chini ya Kawi, uwanja chini ya Vijana na Michezo. Dei kea ilikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa kilichosema "Mengineyo", pamoja na ombi la mzee mmoja aliyetaka mbwa wa mtaa wapunguzwe.